Mume Anakoroga Uji, Wewe Unamwita Mtu wa Dunia

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi kijijini si mbali na Ndanda. Nina miaka 11 ya ndoa ya kanisani. Mwaka jana nilipata kiu ya kukua kiroho, nikajiunga na kikundi cha maombi Masasi mjini. Tunakesha Jumanne na Ijumaa, na kufunga siku tatu kila juma. Mume wangu ananipinga. Nikirudi alfajiri namkuta jikoni anakoroga uji wa watoto, amenuna, hata salamu haitikii vizuri. Ni mtu wa dunia, hasali, ingawa mwenyewe anadai husali na watoto usiku. Mama yake ndiyo kabisa, ananiita mzururaji, na kila jioni anawakalisha watoto mkekani na rozari yake ndefu, anawachosha. Siku za kufunga nalala chumba cha watoto nisichafue maombi, na hilo nalo limekuwa ugomvi. Mwezi wa sita nilitoa mbegu ya shilingi laki moja na nusu, akasema ilikuwa ya petroli ya bomba. Hajanipiga wala kunitukana, ila amesema nichague moja. Kinachonisumbua zaidi, nikiwa na kikundi nalia na kutetemeka, lakini nikibaki peke yangu nikipiga magoti sisikii kitu. Nitakuaje kiroho na mume wa namna hii?*
*Mwenye Kiu, Mtwara*

Marahaba, mwanangu. Kiu ni neema, wapo wengi hata hiyo hawana. Na pole kwa usingizi unaoupoteza. Huruma yangu imeishia hapo, sasa tuzungumze.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilisoma ulichoandika. Mara ya pili nilimtafuta huyo mtu wa dunia unayemlalamikia, nisimwone. Niliyemwona ni mwanaume yuko jikoni alfajiri, macho mekundu kwa moshi wa kuni, mwiko mkononi. Amenuna, ndiyo. Ulitaka akupigie vigelegele? Katika vijiji vyetu hivi, mwanaume anayekoroga uji wa watoto mke akiwa hajarudi anajua kabisa majirani wanasema nini kisimani. Yeye bado anakoroga.

Unasema hasali, halafu hapohapo unasema "anadai" husali na watoto usiku. Umemwitaje muongo kwa jambo lililofanyika wewe ukiwa Masasi? Waulize watoto. Mwambie yule mdogo aanze Baba Yetu, usikilize anaimalizia kwa lafudhi ya nani. Mtoto huiga hata kikohozi cha anayemwongoza.

Na watoto wenyewe, kwenye barua yote hii ya roho, wametajwa kama watu wa kunywa uji, watu wa kuchoshwa na bibi yao, na chumba cha wewe kukimbilia kulala. Hata majina ya utani hukuwapa.

Tuje kwenye hiyo laki na nusu. Wasomaji wa mikoa mingine wanivumilie, wenzetu wa Kusini wanalijua hili. Mwezi wa sita na wa saba mkorosho unatoa maua, na ndipo ubwiriunga unaposhuka, ule ugonjwa wa unga mweupe unaokausha maua kabla hayajashika korosho. Dawa yake ni salfa, na salfa haipulizwi siku moja ukamaliza. Unapuliza, baada ya wiki mbili hivi unarudia, unarudia tena, tena alfajiri, wakati umande upo na upepo haujaamka. Bomba la kupulizia linakunywa petroli. Ukiruka mzunguko, ikifika Oktoba wenzako wanapeleka magunia chama cha msingi cha ushirika, wewe unahesabu mabibo machache chini ya mti. Ubwiriunga haungojei amina. Mume wako hakukataa sadaka, mwanangu. Alishtuka kukuta fedha ya msimu imeondoka bila neno. Anayepanda mbegu kwa fedha ya nyumba bila kumwambia mwenye nyumba mwenzake hajapanda, amechota. Utamwomba msamaha, na usimwombe kwa kuanza na "lakini".

La kitanda nalisema kwa ufupi kwa kuwa watoto nao wanasoma. Mtume Paulo hakuacha fumbo. 1 Wakorintho 7:5: "Msinyimane isipokuwa mmepatana kwa muda, ili mpate faragha kwa kusali." Neno ni *mmepatana*. Nyinyi mlipatana lini? Ukijumlisha siku zako za kufunga na usiku wa mikesha, mume huyu amebaki na mke wa siku mbili tatu kwa juma, na hizo nazo mke amechoka. Ndoa yenu ni sakramenti, mliipokea mbele ya altare. Hakuna maombi yanayochafuliwa nayo. Rudi chumbani kwako.

Kukwambia "chagua" alikosea kidogo, maana mtu hachaguzwi kati ya Mungu na mume. Ila nadhani hakukuchagulisha na Mungu. Alikuchagulisha na basi la Masasi.

Nitoke kwako kidogo niseme na wengi, kwa kuwa barua za namna hii siku hizi nazipata nyingi. Tumeigeuza imani kuwa shughuli. Lazima kuwe na spika, sare, na mtu wa kupiga picha. Tunaamka, kabla hata ya kufuta matongo tumeshika simu, tunatuma "neno la asubuhi" kwenye makundi saba, nalo neno lenyewe hatujalisoma mpaka mwisho. Mke ameweka mstari wa Biblia kwenye status, mume analala nao ukuta mmoja na hajawahi kusikia sauti yake ikisali. Harusini tunachanga mamilioni, kamati inakaa vikao mia, na hakuna kikao hata kimoja kilichowauliza hawa wawili: mtasali saa ngapi, na ataanza nani? Matokeo yake kila mmoja anakwenda kutafuta Mungu wake nje, mmoja mkeshani, mwingine kilabuni, na nyumba inabaki na bibi mmoja na rozari yake. Halafu huyo bibi ndiye tunamwita mchoshi!

Turudi kwako. Barua yako ya kweli iko mwishoni kabisa, pale unaposema ukibaki peke yako husikii kitu. Hapo tu ndipo uliponena bila kumshitaki mtu, na hapo ndipo nimekupenda. Sikiliza basi. Mtu aliyezoea pilau ya shughuli, akirudi nyumbani ugali anauona hauna ladha. Ugali haujaharibika. Ulimi ndio umezoeshwa. Eliya pale Horebu alipitiwa na upepo wa kupasua miamba, na tetemeko, na moto, na Bwana hakuwamo humo. Ikaja sauti ndogo, ya utulivu. Masikio yaliyokesha karibu na spika yatachukua muda kuisikia, ndiyo maana unapiga magoti unaona kimya. Hicho kimya usikikimbie. Kaa nacho dakika tano, kesho tena dakika tano. Kulia na kutetemeka si dhambi, wala sisemi wenzako ni waongo. Ila machozi ya Ijumaa hayawezi kukuchumia Jumatatu.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa wa Newala. Mnaijua Newala ya zamani: mji uko juu ya mwamba wa Umakonde, maji yako bonde la chini. Wanawake walishuka na vyungu alfajiri, wakapanda jua likiwa kali. Bibi hakuwa na muda wa mkesha. Kushuka, alihesabu Salamu Maria kumi kwa vidole, kisha kumi nyingine, mpaka akafika kisimani. Kupanda alinyamaza, kwa sababu chungu kichwani na pumzi hazitoshi, na alisema huko kunyamaza nako Mungu anakuhesabu. Hakujua kusoma. Alipofariki, watu waliokuja kutusimulia wema wake walikuwa Wakristo na Waislamu sawasawa. Mimi mpaka leo nikipanda ngazi vidole vinahesabu vyenyewe.

Hao watawa wa Mtakatifu Benedikto, jirani zako hapo Ndanda, wanaishi kwa kanuni aliyoiandika karne ya 6. Watu hudhani ni kitabu cha sala ndefu. Humo amesema sala iwe fupi na safi, labda neema yenyewe iirefushe. Na mtunza ghala wa monasteri ameambiwa avitazame vyombo vyote vya nyumba kama vyombo vitakatifu vya altare. Sufuria, jembe, ndoo! Ni kweli aliwapangia kuimba Zaburi zote 150 kwa juma moja, lakini wewe si mtawa, una watoto watatu na mikorosho. Chukua lile la sufuria.

Kwa hiyo utaanza na jambo moja, na nasema moja kwa kuwa nawajua wenye kiu, mnataka kunywa mto. Ule uji wa asubuhi ni wako kuanzia sasa. Ukiamka, kabla ya simu, ishara ya msalaba na mstari mmoja wa Zaburi ya 5: "Bwana, asubuhi utaisikia sauti yangu." Kama unashindwa kuamka, adhana ya alfajiri ipo, huku kwetu imewaamsha Wakristo wengi na hakuna aliyepungukiwa imani. Kisha nenda jikoni. Uji unataka kukorogwa usishike madonge, na muda huo mkono uko kazini, mdomo uko huru. Taja watoto wako mmoja mmoja kwa jina mbele ya Mungu. Taja na baba yao. Ukisahau siku moja, kesho endelea ulipo, usijilipize kwa kukesha mara mbili. Salfa iliyorukwa haifidiwi kwa kumwaga mfuko mzima siku moja kwenye shina, hilo unalijua toka utotoni, sijui kwa nini kwenye roho umelisahau.

Fanya hivyo mwezi mzima kabla hujaongeza kitu. La pili likija, liwe la wawili. Injili ya Marko ina sura 16 tu. Nusu sura kila usiku, baada ya mwezi na siku mbili mmemaliza. Asome yeye, wewe sikiliza. Usimhubirie baada ya kusoma. Petro katika waraka wake wa kwanza anasema wapo waume wanaovutwa "pasipo lile Neno", kwa mwenendo tu wa wake zao, na huyo wako sidhani hata anahitaji kuvutwa mbali.

Kuna mambo hufaulu kwa kupenyezwa ndani ya yale watu wanayoyafanya tayari. Masasi hiyohiyo unayokesha, Askofu Lucas wa Anglikana zamani za Mwingereza hakulipiga marufuku jando, aliliingizia sala. Wazee wetu walibishana naye, wamisionari wenzake walibishana naye, mimi mwenyewe sijui ningesimama upande gani. Ila alielewa kwamba huwezi kumlea mtu kiroho nje ya maisha yake.

Kikundi chako je? Jumanne acha kwenda. Ijumaa kapatane na mume, labda moja kwa mwezi, naye ajue unarudi saa ngapi na nauli imetoka wapi. Kufunga punguza kuwe siku moja, na siku hiyo usiwe mkali kwa watoto, maana njaa yako si kosa lao. Halafu jumuiya yako ndogondogo, ile ya majirani wanaojua mtoto wako anaumwa nini, hukuitaja hata mara moja kwenye barua. Umeiruka ukaenda mbali kutafuta watu wa kukuombea. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, mwanangu, na ngama yenyewe imeanza kuingiza maji.

Amebaki mama mkwe. Alikuita mzururaji, ni neno chungu, na angeweza kuchagua lingine. Lakini huyo mzee, tangu wewe uanze kutafuta tabia za kila siku za kukua kiroho, amekuwa akiifanya moja mbele ya macho yako, saa ileile, mkeka uleule, na wanao.

Leo jioni akitandika, kaa. Usimwambie umebadilika, wala usimfundishe namna mpya ya kuomba. Mpakate mdogo. Mzee akianza Salamu Maria, wewe itikia tu.