Kwa nini mchanganyiko wa magnesiamu trisiliketi hushindiliana chini ya chupa

Ndugu muuliza swali, umeeleza kwamba ulitengeneza mililita 100 za mchanganyiko wa magnesiamu trisiliketi, dawa ya maji ya kupunguza asidi ya tumbo, katika somo la vitendo, ukafuata fomula kama ilivyo, lakini baada ya siku chache unga ukashindiliana chini ya chupa hata kuutikisa kukawa hakusaidii, ilhali chupa ya mwenzako aliyetumia fomula hiyo hiyo imebaki laini. Nimeitengeneza dawa hii mara nyingi, na nimewasimamia wengine wakiitengeneza. Kabla ya kulaumu mkono wa mtu, mimi huomba kwanza nionyeshwe kopo la magnesiamu kaboneti, mojawapo ya viambato vya dawa hii.

Kaboneti hiyo hupatikana kwa aina mbili, nyepesi na nzito. Kikemia zinakaribiana sana na zote ni unga mweupe, lakini ukipima gramu 5 za kila aina na kuzimimina kwenye karatasi mbili, nyepesi itasimama kama kilima na nzito itakuwa kirundo kidogo tu. Fomula inataka nyepesi, kwa sababu chembe zake hutawanyika majini kwa kutikiswa tu na kubaki zimetawanyika kwa muda unaotosha kumimina kipimo kilicho sawa. Ndiyo maana fomula haina gundi yoyote ya kusimamisha unga. Nzito huzama upesi na kushikana, na anayelazimika kuitumia hana budi kuongeza tragakanti au gundi nyingine inayofaa. Nakisia kwamba hapo ndipo chupa zenu mbili zilipoachana.

Kama kopo lilikuwa sahihi, basi tuangalie ulivyolowanisha unga. Kwa mililita 100 unahitaji gramu 5 za magnesiamu trisiliketi, gramu 5 za kaboneti nyepesi, gramu 5 za sodiamu baikaboneti, mililita 2.5 za emalsheni (mafuta yaliyochanganywa na maji) iliyokolea ya peremende, mililita 50 za maji ya klorofomu yenye nguvu maradufu, yaani yenye klorofomu mara mbili ya kawaida, kisha maji ya kutimiza ujazo. Chukua kinu kikubwa, kwa kuwa kaboneti nyepesi hujaa na kumwagika kwenye kinu kidogo. Changanya unga wote ukiwa mkavu, halafu ongeza maji ya klorofomu kidogo kidogo huku ukisaga, mpaka upate uji mzito usio na donge hata moja. Hapo tu ndipo uongeze mengine hadi umiminike. Anayemwaga maji yote kwa mara moja huzalisha madonge ambayo nje yamelowa na ndani ni makavu, na hayo hayavunjiki tena ndani ya chupa hata utikise vipi. Wako wanaojaribu kuyaondoa kwa kuchuja kwa kitambaa, jambo ambalo sikubaliani nalo hata kidogo, kwa sababu kinachobaki kwenye kitambaa ni dawa yenyewe.

Usipashe moto ili kuharakisha baikaboneti kuyeyuka. Gramu 5 huyeyuka katika ujazo huu bila joto, na joto huigeuza kuwa kaboneti ya sodiamu iliyo kali zaidi, pamoja na kuifukuza klorofomu ambayo ndiyo kihifadhi. Mahali ambapo klorofomu imeachwa kwa sababu ya sumu yake, kihifadhi mbadala kichaguliwe kwa makini, kwani mchanganyiko huu ni wa alkali na sodiamu benzoeti hufanya kazi vizuri kwenye asidi tu.

Ujazo nao utimizie ndani ya chupa yenyewe, ambayo umeipima mapema kwa mililita 100 za maji, ukaitia alama, kisha ukaimwaga maji yake. Ukitimizia kwenye silinda, sehemu ya unga hubaki imeganda ukutani wakati wa kuhamisha. Suuza kinu kwa maji kidogo na uyamimine humo humo, tia peremende, halafu subiri viputo vipae juu kabla ya kusoma alama.

Unga kutuama si kosa, kwani kila suspensheni, yaani dawa ya maji yenye unga usioyeyuka, hutuama. Swali ni kama mashapo yanarudi. Acha chupa itulie usiku kucha, kisha ipindue taratibu na kuirudisha. Chini pakisafika baada ya kuipindua mara chache, dawa iko sawa. Ukiona tabaka jeupe limeng'ang'ania chini huku maji yakizunguka juu yake, mgonjwa atakunywa maji mwanzoni na unga mtupu mwishoni, na kipimo hakitakuwa na maana tena.

Kwenye lebo andika kwamba chupa itikiswe vizuri kabla ya kutumia, na muda wa matumizi usizidi wiki 4, kwa kuwa dawa hii hutakiwa kuwa imetengenezwa karibuni. Kipimo cha kawaida cha mtu mzima ni mililita 10 hadi 20 ndani ya maji, mara tatu kwa siku au inapohitajika. Kila mililita 10 zina nusu gramu ya baikaboneti, yaani takriban milimoli 6 za sodiamu, kwa hiyo anayeitoa dawa aulize kwanza kama mgonjwa ana shinikizo la damu, moyo kushindwa kufanya kazi au ugonjwa wa figo. Antibiotiki za tetrasaikilini na siprofloksasini, pamoja na vidonge vya madini ya chuma, visinywewe pamoja nayo, kwa sababu ufyonzwaji wa dawa hizo mwilini hupungua. Mgonjwa aelezwe aviachanishe kwa saa kadhaa.