"Fast": neno la mbio lenye asili ya kufunga

Ukimwuliza anayejifunza Kiingereza maana ya "fast", atakujibu papo hapo: haraka. Hajakosea, ila ameshika maana iliyokuja baadaye. Katika Kiingereza cha kale neno hili liliandikwa "fæst", na maana yake ilikuwa imara, kilichoshikamana, kisichotikisika.

Maana hiyo ingali hai, na ndiyo inayowaangusha wafasiri. "Fast asleep" ni kulala fofofo; usingizi umemshika mtu barabara, si kwamba amelala upesi. "Stuck fast" ni kukwama kabisa. "Fast friends" ni marafiki walioshibana, hata kama urafiki wao ulichukua miaka kuiva. Lebo ya nguo ikisema "colour fast", rangi haichuji. (Hata hivyo ijaribu: lowanisha kitambaa cheupe, sugua upindo wa ndani. Kikitoka na rangi, ifue peke yake.)

Sasa imara imegeukaje kuwa mbio? Kiswahili chenyewe kinatoa jibu. Tunakaza kamba, na tunakaza mwendo. Waingereza walifanya vivyo hivyo: kufanya jambo "fast" kulikuwa kulifanya kwa nguvu, kwa kukaza, na mtu akikimbia kwa kukaza, anakwenda kasi.

Kitenzi "to fast", kufunga saumu, kimetoka shina lilelile: kujizuia, kushika amri bila kulegea. Hapa sisi tumewazidi, maana "kufunga" kwetu ni mlango, kamba na saumu kwa neno moja. Wao kamba wameitenga kwa "fasten". T yake haitamkwi. Na "breakfast" ni kuukatiza mfungo wa usiku, kama kifungua kinywa chetu. Itamke "brek-", usiseme "breik-".

Ukikutana na "fast" katika sentensi, tazama jirani yake kwanza. Akiwa ni kitu kinachokwenda, kama gari au mkimbiaji, sema kasi. Akiwa "hold", "stand" au "asleep", tafuta neno la kushika au kukolea. Saa ina mambo yake: "five minutes fast" ni saa iliyotangulia kwa dakika tano, hata kama mishale inatembea kwa mwendo wa kawaida.

Na usiandike "fastly" ukitaka kusema "kwa kasi". "She runs fast" imetosha.