Kwa mfanyakazi mgeni wa dawati la udahili chuoni

Karibu Dodoma. Dirisha la udahili likifunguliwa, ofisi yetu haina tofauti na stendi ya Nanenane siku mbili kabla ya sikukuu, kwa hiyo nakuambia haya sasa, ukiwa bado na muda wa kunywa chai.

Hesabu ya alama za kidato cha sita utaizoea ndani ya wiki. A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kwa kozi nyingi mwombaji wa shahada aliyetoka kidato cha sita anatakiwa awe na prinsipali mbili, yaani masomo mawili aliyofaulu kwa A hadi E, zisizopungua 4.0 kwa jumla. Hapo usibishane na mtu. Asiyefika, awe binti, mwenye ulemavu au mpwa wa mkubwa, mwelekeze stashahada, au programu ya msingi ya Chuo Kikuu Huria. Kazi yenyewe inaanza wakati waliobaki wote wana sifa na viti havitoshi.

Mwaka wangu wa kwanza nilipanga majina kwa alama kutoka juu, viti vilipoisha nikapiga mstari. Nilijiona mwadilifu kama mizani. Bosi wangu, mama mmoja wa Kondoa, akanitazama. "Mwanangu, hiyo mizani yenyewe umeikagua?" Akanifungulia mafaili mawili ya sayansi. Kijana mwenye alama 9 alisoma bweni, maabara zote zipo. Binti mwenye 8 alitoka shule ambayo fizikia walifundishana wenyewe kwa wenyewe karibu mwaka mzima. Nani kati yao ana kichwa zaidi? Mimi mpaka leo sijui, na alama ile moja haijui pia.

Tulikuwa na viti vilivyotengwa kwa wasichana wa sayansi. Si jambo jipya: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katikati ya miaka ya 1990 kilianza kuwapa wasichana waliokaribia kufuzu masomo ya wiki kadhaa, kisha mtihani, ndipo waingie kitivo cha sayansi. Na akija mzazi akasema huu ni ubaguzi, msomee Katiba, ibara ya 13(5): neno kubagua halitafafanuliwa kwa namna ya kuizuia Serikali kuchukua hatua za makusudi zenye lengo la kurekebisha matatizo katika jamii. Wengine watakuletea habari za Marekani, ambako Juni 2023 Mahakama ya Juu ilikataa rangi ya mwombaji kutumika kama kigezo katika udahili wa Harvard na North Carolina. Wasikilize, ni mjadala mzito. Ila ni Katiba ya kwao na historia ya kwao, na sisi hapa hatupangi watu kwa rangi.

Sasa kosa langu. Yule binti alipata kiti. Alipokuja kujisajili nikamwambia, kwa sauti ya dirishani, "Wewe ni wa zile nafasi za upendeleo, subiri pembeni." Foleni nzima ikasikia. Muhula wa pili alirudi kuomba kuhamia kozi nyingine. Darasani walikuwa wanamwita Viti Maalumu. Unajua mji huu ulivyo, Bunge liko hapo hapo. Matokeo yake yalikuwa mazuri tu. Akahama. Faili lina namba na jina, hayo yanatosha kutamkwa dirishani.

Upendeleo wa kuuogopa ni kimemo, kile kikaratasi cha mkubwa anayemwombea mtu wake kiti. Utakijua kwa saa yake: viti vya wasichana huandikwa na kutangazwa kabla dirisha halijafunguliwa, kimemo huja majina yakishatoka. Mimi vimemo vinavyonifikia navigonga mhuri wa kupokelewa na kuviingiza kwenye rejista. Wenyewe huja kuviomba wavichukue.

Kuna jingine ambalo hakuna anayeliita upendeleo. Aliyechaguliwa vyuo zaidi ya kimoja lazima athibitishe kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu. Mtoto wa mjini anathibitisha akiwa sebuleni. Wa Chemba au Manyoni aliombewa na mwenye steshenari, na mwenye steshenari alijaza namba yake mwenyewe ya simu ili kuharakisha. Siku tatu kabla ya mwisho chapa orodha ya wasiothibitisha, uanze kupiga. Akipokea mwenye steshenari, usikate simu mpaka akuambie huyo mtoto anakaa kijiji gani na nani huko ana simu.