Je, kelele zinaweza kuchaji simu?

SWALI: Nimeunganisha visahani 6 vya pizo (vinavyotoa umeme vikipindwa au kutikiswa), vile vya milimita 27, sambamba, nikaviweka mbele ya spika. Mita inasoma volti kadhaa, lakini simu haichaji. Tatizo nini?

JIBU: Volti unazo, wati (nguvu yenyewe) huna. Sauti ya desibeli 100, ambayo tayari inaweza kudhuru masikio ukiisikia kwa muda, hubeba wati 0.01 tu kwa kila mita ya mraba. Eneo la sentimita 10 kwa 10 linapata miliwati 0.1, hata kama hakuna kinachopotea. Betri ya 4,000 mAh ingejaa baada ya miaka zaidi ya 15! Chaja ya kawaida hutoa wati 5 au zaidi.

Pia umeviunga vibaya. Kila kisahani hutikisika kwa wakati wake, kwa hiyo kimoja kinafuta umeme wa kingine. Kipe kila kimoja daraja lake la dayodi 4 (dayodi hupitisha umeme upande mmoja tu), ndipo uunganishe upande wa DC, yaani umeme wa mwelekeo mmoja. Tumia dayodi za 1N4148, maana nyingi za aina ya Schottky huvujisha mkondo, na hapa mkondo wenyewe ni kiduchu. Gundisha ukingo tu, katikati pabaki huru kupinda. Ukilehemu, usizidishe sekunde 2, maana joto huua pizo.

Achana na spika, bandika kwenye mashine inayotetemeka. Weka kapasita (kifaa cha kuhifadhi umeme) ya mikrofaradi 47, volti 50. Itawasha LED (taa ndogo) kwa mmweko mfupi au kuendesha kihisi kidogo cha joto. Simu ichaji kwa sola.