Barazani kwa Bibi: "Kitabu kilinichosha, niseme au ninyamaze?"

Barua za mwezi huu zimenifikia nyumbani kwangu Ngamiani, Tanga, na tatu kati yake zinauliza jambo moja kwa njia tofauti. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu imenigusa.

Shikamoo Bibi. Mimi ni kijana wa kidato cha pili, naishi Chumbageni. Kwenye kikundi chetu cha kusoma tulipewa *Kusadikika* cha Shaaban Robert. Zamu yangu ilipofika nilisema ukweli, kwamba kilinichosha. Mjumbe anatumwa, anapata taabu, anarudi, anafungwa, halafu anaanza mwingine. Mzee mmoja aliyekuwepo akanikatiza, akasema mtoto wa Tanga kumkosoa Shaaban Robert ni utovu wa adabu. Tangu siku hiyo nikiulizwa kuhusu kitabu chochote nasema "kizuri, kinafundisha". Je, nilikosea?

Marahaba mjukuu wangu. Siku ile hukukosea. Unakosea sasa, unaposema "kizuri, kinafundisha" huku moyoni huamini hivyo.

Kwanza nikupongeze kwa kukisoma. Mtu asiyefika mbali ndani ya kitabu kile hawezi kujua kwamba wajumbe wanafuatana na kwamba kila mmoja anaishia gerezani. Wapo watu wazima hapa mjini wanaomtaja Shaaban Robert kwenye kila hotuba, na ukiwauliza Karama, mshtakiwa wa kitabu hicho, alishtakiwa kwa kosa gani wanabadilisha mazungumzo.

Nakujibu nikiwa na nakala yangu mapajani. Jalada lake lilikwisha zamani. Mgongo niliushona mwenyewe kwa uzi wa mkonge na sindano ya magunia, maana gundi ilikuwa haishiki tena. Kimepita mikononi mwa watoto wengi wa mtaa huu, na leo nimekitazama vizuri: kurasa za mwanzo zina weusi kwenye kona ya chini, pale kidole gumba kinaposhika ili kufunua. Weusi huo unapungua kadiri unavyosonga mbele, na baada ya mjumbe wa tatu kona ni safi kama kitabu kimetoka dukani. Kwa hiyo uchovu wako naujua. Wenzako wameuandika kwa jasho la vidole, ila hawakupata kuusema.

Sasa tukae na huo uchovu, tusiukimbie. Karama yuko mahakamani. Waziri Majivuno amemshtaki kwa kuanzisha mafunzo ya sheria katika nchi isiyotaka raia wake waijue sheria. Anapopewa nafasi ya kujitetea, anasimulia habari za watu sita: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Wote walitumwa kwa manufaa ya nchi, wakarudi na mambo ya kuifaa, wakalipwa kifungo. Jiulize kwa nini hakutosheka na mmoja. Mama akienda soko la Mgandini, akapimiwa kilo pungufu, akalalamika mara moja, ataambiwa ni bahati mbaya, mizani iliteleza. Akileta majirani sita waliopimiwa pungufu kwa mizani ileile, muuzaji hana tena pa kujificha. Karama anafanya hivyo. Anahesabu mashahidi mbele ya watu walewale waliowafunga.

Tena kumbuka ni lini. Kitabu kilitoka mwaka 1951, Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza, na mwandishi alikuwa mtumishi wa serikali hiyohiyo, aliyeanza kazi ya ukarani forodhani mwaka 1926. Mtu anayekula mshahara wa mkoloni hawezi kuandika waziwazi kwamba serikali inafunga watu wanaoitakia nchi mema. Akaitundika nchi angani. Ndiyo maana jina kamili la kitabu linasema ni nchi iliyo angani, na msomaji wa wakati ule alijua kuinamisha kichwa na kuitafuta chini.

Lakini haya niliyokueleza hayafuti ulichohisi. Mimi mwenyewe nampenda Shaaban Robert kwa dhati, nimekwenda Machui kulikozikwa mwili wake nikasimama pale na kumwombea, na bado naona kwamba zile hotuba za mahakamani ni ndefu na kwamba Karama hatetereki hata mara moja. Ningependa kumwona akitetemeka walau mkono, usiku, peke yake. Hayo ndiyo maoni yangu, na hayampunguzii mwandishi heshima.

Kuhusu adabu, mzee yule ana haki ya kuheshimiwa na wewe una haki ya kusikilizwa. Kujibizana kwa hoja ni jambo la Waswahili tangu zamani. Washairi wetu walilumbana kwa beti, mmoja anafunga, mwingine anafungua. Gazeti la *Mambo Leo*, lililoanza mwaka 1923, lilijaa mashairi ya wasomaji wanaojibizana, na Shaaban Robert mwenyewe alipeleka mashairi yake humo. Alikulia kwenye mazungumzo. Sidhani angefurahi kuona jina lake linatumika kumziba mtoto mdomo.

Ila nakudai kitu kimoja. "Kilinichosha" peke yake ni mlango uliofungwa. Nitakusimulia kilichotokea hapa barazani ili uone ninachodai.

Jumamosi moja tulikuwa na *Adili na Nduguze*, cha Shaaban Robert pia. Watoto wamekaa kwenye mkeka, sahani ya kashata katikati. Binti mmoja wa darasa la saba, mkimya sana, akanyanyua mkono akasema, "Bibi, mimi Adili simkubali." Nikamwambia atuoneshe wapi. Akalamba kidole, akafunua, akatafuta kwa muda mrefu mpaka wenzake wakaanza kunong'ona, kisha akakibandika kidole kwenye ukurasa. Ni pale tunapojua kwamba Adili kila usiku anawachapa wale nyani wawili, ambao kumbe ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu, waliomtosa baharini kwa wivu. Binti akasema, "Kitabu kinatuambia ni mtu mwema. Kama ni mwema na anawapenda, mjeledi wa nini?"

Kijana mmoja akamjibu kwamba Adili ameamriwa na Huria, yule jini aliyewageuza nyani, na asipotii ataadhibiwa yeye. Binti hakuinua uso, akasema kwa sauti ndogo, "Basi wema wake una woga ndani." Baraza zima likalipuka. Mmoja anasema kutii ni wema, mwingine anasema kaka yake humchapa na kisha humnunulia soda, na yeye hajawahi kujua kama anapendwa au anaogopwa. Kashata zikaisha, adhana ya magharibi ikatukuta bado tunabishana, na hakuna aliyeshinda. Yule binti alipokuwa anavaa ndala zake mikono ilikuwa inamtetemeka.

Nimekisoma kitabu kile mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na sikuwahi kuuliza swali lile. Sasa siwezi kuwasoma wale nyani bila kumsikia yeye.

Basi mjukuu wangu, rudi kwenye kikundi chako na kitabu mkononi. Mwamkie mzee, umwombe radhi kama sauti yako ilipanda siku ile, kisha fungua pale ulipoanza kuchoka na useme: "Mzee, nilifika hapa kwa mjumbe huyu, nikahisi nimeshajua mwisho wake. Wewe uliposoma hapa ulihisi nini?" Halafu msikilize kwa moyo mmoja. Huenda akakufungulia kitu. Huenda pia akagundua kwamba ana miaka mingi hajakifungua.

Shikamoo Bibi. Niko kidato cha nne, Pongwe. Tulipoambiwa tuandike maoni yetu kuhusu *Watoto wa Mama Ntilie*, karibu darasa zima tuliandika maneno mamoja, kwa sababu wote tuna desa moja, yale majibu yaliyoandikwa tayari ya kukariri. Mtihani unataka dhamira, migogoro, ujumbe, msimamo. Maoni yangu mimi yataniongezea nini?

Marahaba mwanangu. Dhamira na migogoro uzijue, mtihani ni mtihani, sitakudanganya. Lakini swali likikuambia "thibitisha kwa mifano", desa linakuachia mistari miwili ambayo msahihishaji ameshaiona kwenye karatasi nyingi kabla ya yako. Mfano ulioukuta mwenyewe unaandikika kwa uhakika, hata mwandiko hubadilika.

Fanya hivi. Weka desa chini ya mto. Soma habari za Peter na Zita, watoto wanaokosa shule kwa sababu ya ada, kisha siku ukienda mjini pita stendi ya Kange, ukae kwa mama anayepika. Agiza chai. Tazama nani anaosha sahani saa nne asubuhi na ana umri gani. Ukirudi nyumbani andika ukurasa mmoja tu: mwandishi ameona nini ambacho na wewe umekiona, na wewe umeona nini ambacho kitabuni hakimo. Huo ukurasa niletee. Nitausoma wote.

Habari za huko Bibi. Mimi ni baba, nipo Muheza. Mwanangu wa darasa la tano anasoma sana, lakini nikimuuliza "umejifunza nini?" ananyamaza kimya. Nahofia anapitisha macho tu.

Nzuri baba, za shamba? Usimhofie. Swali lako ndilo linalomfunga, maana linamgeuza mkalimani wa mafunzo na yeye alikuwa safarini na watu. Mtoto anayepitisha macho tu hamalizi kitabu akaomba kingine.

Muulize hivi: "Kati ya watu wa humo, nani ungemleta kwetu ale chakula cha usiku?" Akimtaja, muulize angekalishwa wapi na angepewa nini. Kisha umwambie wa kwako, yule uliyempenda ukiwa na umri wake. Kama hukuwahi kusoma hadithi utotoni, mwambie hivyo, na umwombe akusomee kurasa mbili kabla ya kulala. Usimsahihishe matamshi anaposoma.

Na Jumamosi mkija mjini kuuza machungwa, mlete kwangu baada ya alasiri. Mkeka unatandikwa upande wa kivulini, na safari hii tunaanza *Kusadikika* kutoka kwa mjumbe wa nne.