Dumu la Mafuta ya Alizeti Halifai

Leo najibu maswali yenu ya oili na sevisi za Bobcat, ile mashine ndogo ya kupakia yenye baketi mbele. Nasema Bobcat kama saiti zote zinavyosema, hata kama yako imeandikwa Case au Caterpillar. Tuendelee.

Fundi, nibadilishe injini oili kila baada ya miezi mingapi? (Opereta, Kibaha)

Mwaka huu nimelijibu mara tatu. Bobcat haijui mwezi wala sikukuu, inahesabu saa, na mita iko mbele ya pua yako. Kitabu kitakwambia saa 250 au 500 kulingana na toleo. Mashine ikiwa mpya, sevisi ya kwanza huja mapema, mara nyingi saa 50. Kwenye vumbi la kokoto usisubiri namba itimie.

Oili imekuwa nyeusi siku mbili baada ya sevisi. Nimeuziwa feki? (Mwanza)

Hiyo ni injini ya dizeli, oili inabeba masizi na ndiyo kazi yake. Ikifanana na chai ya maziwa, hapo zima injini: maji yameingia.

Oili ya haidroliki, ile inayosukuma mikono ya mashine, imepungua na duka liko mbali. Naweza kuongezea oili yoyote kwa muda? Ninayo kwenye dumu safi la mafuta ya alizeti. (Mmiliki, Singida)

Ulipimaje? Mikono inayobeba baketi iwe chini, baketi imelala ardhini, injini imezimwa. Wengi wanaolia imepungua wamepima mikono ikiwa juu. Kama kweli imepungua, tafuta inakovujia, maana haidroliki haichomwi kama dizeli.

Kuhusu "oili yoyote": ni kweli vitabu vya baadhi ya Bobcat za zamani viliruhusu injini oili ya 10W-30 kwenye haidroliki, na wavivu wote hujificha hapo. Kitabu chako wewe kinasemaje?

Lakini kilichonikera ni hilo dumu. Umelisafisha na nini? Nadhani kwa maji na mchanga wa kutikisia ndani, kama tulivyofundishwa nyumbani. Unywele wako una unene wa mikroni kama 70 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na mwanya ndani ya pampu ni mikroni chache tu. Chembe usiyoiona inatosha kukwaruza. Na pampu za Bobcat hazinyanyui baketi peke yake, ndizo zinazozungusha magurudumu pia. Zikifa umekosa kazi na umekosa mwendo wa kuitoa mashine shimoni. Nunua ndoo yenye lakiri, futa kofia ya tangi kabla ya kuifungua, na ile funeli inayolala chini ya benchi itupe.

Nina mashine tangu 2019, fundi hajawahi kugusa oili ya cheni. Ni lazima? (Morogoro)

Badilisha fundi kwanza, halafu oili. Cheni zinazovuta magurudumu zinaogelea humo, na toleo nyingi hudai ibadilishwe kila saa 1000. Ukifungua ukakuta imezidi badala ya kupungua, usifurahi: sili ya mota ya haidroliki imekwisha na inamwagia huko.

Kulanti, ile dawa ya kupozea injini, ni ghali. Maji ya kisima yana ubaya gani? (Mombasa)

Chumvi. Utaiona ndani ya rejeta siku utakapoikata. Changanya kulanti na maji yaliyotoneshwa, nusu kwa nusu, wala usichanganye kulanti ya kijani na ya rangi nyingine kwa kuwa tu zote ziko dukani. Kofia ifunguliwe rejeta ikiwa baridi.

Shikamoo fundi. Niko saiti Muscat. Wakati wa sevisi tunainua mikono na kuikingia gogo, kisha napapasa mipira ya haidroliki kutafuta kuvuja. Ni sawa? (Opereta)

Marahaba, mwanangu. Acha leo. Mashine ina chuma chake cha kufungia mikono, na kama kimepotea mwambie bosi anunue kabla hujaingiza kichwa. Gogo huteleza. Na vidole usipapasie kamwe: haidroliki yenye presha hupenya ngozi kama sindano, huumii sana, unaona katundu tu, halafu mkono unaoza ndani kwa ndani. Tumia kipande cha boksi. Ikikupiga, hospitali saa hiyo hiyo, na uwaambie ni oili imeingia, wasije wakakufunga plasta.

Oili chafu nipakie nguzo za banda kuzuia mchwa? (Kitale)

Kisima kiko umbali gani na hizo nguzo? Mpe mkusanyaji wa oili chafu.