Tairi za theluji zilinifuata mpaka Mombasa

Siku niliyokwenda kuchukua gari langu yadini, muuzaji alikuwa na sifa moja aliyoiweka akiba mpaka mwisho. Alichuchumaa, akaingiza ukucha wa kidole gumba baina ya meno ya tairi ya mbele, ukucha wote ukazama. "Tazama meno haya, bosi. Hizi huzigusi miaka mitatu."

Nikainama na mimi. Ubavuni mwa tairi palichorwa mlima wa vilele vitatu, na ndani yake chembe ya theluji. Nikacheka peke yangu. Chapa ile ya tairi za theluji naijua. Niliishi nayo misimu mitatu ya baridi kusini mwa Ujerumani, nikipeleka vifurushi na gari la mizigo, na nilidhani tumeagana uwanja wa ndege.

Ilikuwa nimwambie muuzaji azitoe. Sikumwambia. Nilipiga hesabu ya bahili: zina meno, nitazimaliza kwanza, kisha ndio ninunue nyingine. Makala haya nayaandika kwa sababu ya hesabu hiyo.

Dalili zilianza mapema. Februari nilikwenda Voi, jua la saa nane mchana, na baada ya kupita Maungu nikawa nahisi gari linaelea kidogo kila nikilipita lori, kama mtu aliyevaa champali kubwa kuliko mguu wake. Nikaulaumu upepo. Nikamlaumu fundi aliyenifanyia alaimenti. Tairi sikuzilaumu, maana zilikuwa na meno.

Ukaja mwezi wa Mei. Masika ya Mombasa mwezi huo hayana mzaha. Nilikuwa natoka kisiwani, kiza kinaanza kuingia, nashuka daraja la Nyali kuelekea Kongowea, na mwendo wangu haukufika hata 50. Mbele yangu tuktuk ikasimama ghafla kumpakia mama na ndoo zake mbili. Nikakanyaga breki. Pedali ikanitetemekea mguuni, kumaanisha breki zinafanya kazi yake, lakini gari halikusimama. Liliteleza kama kipande cha sabuni kwenye vigae, na usukani ukawa mwepesi mkononi kama haukufungwa na kitu. Lilipotulia, baina yangu na tuktuk ile pamebaki shibiri mbili. Dereva wake akatoa kichwa nje, akanitazama kwa huruma. "Mzee, tia breki mpya!"

Breki zilikuwa na wiki mbili.

Kesho yake asubuhi nikampelekea gari mzee mmoja wa pancha, karibu na Mwembe Tayari, ambaye sote tunamwita Ami. Hakuuliza kitu. Alipiga goti, akabonyeza jino moja kwa kidole, likalala upande kisha likarudi polepole. "Hizi si za huku, mwanangu. Guza mwenyewe. Hii ni halua."

Ami hajapata kuiona theluji isipokuwa kwenye friji, lakini alichokisema ndicho hasa wanachokisema watengenezaji wenyewe, kwa maneno marefu zaidi. Mpira wa tairi ya kawaida huanza kukakamaa baridi ikishuka chini ya nyuzi 7 hivi. Kwa hiyo tairi ya theluji huchanganywa mpira wa namna nyingine, unaobaki laini hata maji yakiganda. Kisha kila jino huchanjwa chale nyembamba nyingi, kama unavyomchanja samaki kabla ya kumtia viungo, ili kingo za chale zile ziume theluji. Za Japani, yanakotoka magari yetu mengi ya mitumba, ni laini zaidi, na zina historia yake: mwaka 1990 Wajapani walitunga sheria dhidi ya tairi za misumari, kwa sababu misumari ilikuwa inakwangua lami, na vumbi lake likawachosha watu wa miji ya kaskazini kama Sapporo na Sendai. Tangu hapo kazi yote ya kushika barafu imeachiwa mpira na chale. Kule inafanya kazi kweli. Sasa ichukue tairi hiyo uilete Mombasa, ambako Julai watu hutoa masweta kwa nyuzi 20 na kitu. Jino lile laini lililochanjwachanjwa huyumba likibanwa. Kwenye lami kavu ya moto linalika upesi na kupata joto jingi, na kwenye lami iliyolowa gari linataka nafasi ndefu zaidi kusimama kuliko lingekuwa na tairi za kawaida. Mvua yetu na theluji yao ni maji yote mawili, lakini hayafanani hata kidogo kwa tairi.

Unazijuaje? Tafuta huo mlima wenye chembe ya theluji. Zilizotengenezewa soko la Japani nyingi huandikwa pia neno STUDLESS, yaani zisizo na misumari, ubavuni, kwa herufi kubwa. Herufi M+S, yaani matope na theluji kwa Kiingereza, peke yake isikutie wasiwasi sana, maana hata tairi nyingi za magari ya porini zinayo. Kisha tazama herufi ya mwisho baada ya namba za ukubwa: Q ni mwendo wa juu wa kilomita 160 kwa saa, na ukiikuta kwenye gari dogo la Kijapani, shuku. Tairi za kawaida za magari hayo mara nyingi huwa na S, T au H. Kingine ni vijukwaa vya mpira vilivyoinuka ndani ya mifereji, baina ya meno. Vikifikiwa na uso wa tairi, maana yake nusu ya jino imekwisha na Mjapani haitumii tena kwenye theluji. Wengine huendelea kuzivaa kiangazi ili ziishe. Na wengine, hii ni dhana yangu tu, huliuza gari likiwa nazo.

Halafu soma umri. Mwisho wa yale maandishi ya ubavuni yanayoanza na herufi DOT kuna tarakimu nne: mbili za juma, mbili za mwaka. Zangu zilisema 3814, yaani juma la 38 la mwaka 2014. Sisi hapa tunajua sana kuulizana kama gari halijapita ile miaka 8 ya kuruhusiwa kuingia bandarini, lakini umri wa gari si umri wa tairi. Mpira unazeeka hata ukiwa umesimama, na meno marefu kwenye tairi ya zamani ni sawa na meno ya bandia.

Neno langu kwa mnunuzi ni fupi. Gari likija na tairi za theluji, zihesabu kama hazipo, na bei ya tairi nne za kawaida uiondoe kwenye bei ya gari mkiwa bado mnazungumza. Usichanganye mbili za theluji na mbili za kawaida; gari litakuwa na tabia mbili kwenye kona moja. Na mfuko ukiruhusu mbili mpya tu, katika nne ambazo zote ni za kawaida, mpya zikae nyuma hata kama gari linavutwa na magurudumu ya mbele. Hili watu hunibishia sana. Tairi za mbele zikiteleza utalihisi kwenye usukani na utapunguza mwendo. Za nyuma zikiteleza, unageuzwa ukitazama ulikotoka.

Sasa niseme na wale wanaofunga safari, kwa sababu kila mwezi kuna kijana wa kwetu ananiuliza habari za Ujerumani. Huko sheria haitaji tarehe. Inasema barabara ikiwa na theluji, barafu au rojo la theluji, lazima uwe na tairi za baridi, na tangu Oktoba 2024 zinazokubaliwa ni zenye ule mlima na chembe ya theluji, M+S peke yake haitoshi tena. Ukikamatwa bila hizo ni yuro 60 na alama moja mbaya kwenye rekodi yako. Wenyewe wana msemo wao wa kukumbukia, kuanzia O hadi O, yaani Oktoba mpaka Pasaka, ambayo kwa lugha yao pia huanza na O. Kina cha chini cha meno kisheria ni milimita 1.6, lakini usithubutu. Chini ya milimita 4 tairi ya theluji ni jina tu. Ukivuka kuingia Austria hiyo 4 ndiyo sheria yenyewe, kuanzia tarehe 1 Novemba hadi 15 Aprili hali ya barabara ikiwa ya baridi.

Minyororo ya kufunga kwenye tairi ni somo jingine, na mimi nililisoma kwa aibu. Msimu wangu wa kwanza, Januari, nilipewa mzigo wa kijiji kimoja cha mlimani. Nikafika penye ile alama ya duara la buluu lenye picha ya tairi iliyofungwa minyororo, maana yake usipite bila kufunga. Nikatoa mfuko, nikapiga magoti kwenye theluji, vidole vikafa ganzi dakika ya pili. Robo tatu ya saa nahangaika. Nikafunga zote mbili vizuri kabisa, nikaingia, nikatia gia, na gari likasaga papo hapo bila kusogea hata hatua. Akaja mzee wa pale na koleo lake begani, akalizunguka gari mara moja, akanionyesha magurudumu ya mbele kwa kidole. Nilikuwa nimeyafunga ya nyuma! Nyumbani nilikuwa nimezoea kuona lori likifungwa minyororo ya tope nyuma, kwa sababu lori husukumwa na magurudumu ya nyuma. Kigari changu kile kilikuwa kinavutwa na ya mbele. Minyororo hukaa kwenye magurudumu yanayopokea nguvu ya injini, na kama hujui ni yapi, soma kitabu cha gari kabla hujatoka nyumbani.

Kitabu hicho pia kitakuambia kama ukubwa wa tairi zako unakubali minyororo, maana baadhi ya magari nafasi baina ya tairi na vyuma vya ndani ni finyu, na mnyororo mnene utakwangua bomba la breki. Nunua kwa namba zile zile za ubavuni, kama 195/65 R15, usikisie. Iliyosukwa kama almasi inashika pande zote na haitikisi gari sana. Iliyopangwa kama ngazi ni rahisi lakini kwenye kona inateleza upande. Jizoeze kufunga mchana, mahali pakavu, mara mbili tatu, na uweke glavu za mpira na kipande cha turubai cha kupigia magoti. Ukishafunga, tembea mita mia chache, usimame ukaze tena. Usizidi kilomita 50 kwa saa, na ukifika kwenye lami tupu uifungue, isije ikakatika ikapiga bodi ya gari.

Kuendesha kwenyewe? Ondoka taratibu, hata kwa gia ya pili. Maliza kupunguza mwendo kabla ya kona, usifunge breki ukiwa ndani yake. Acha nafasi mara tatu ya uliyoizoea. Na uogope madaraja, kwa sababu upepo hupita juu na chini yake, kwa hiyo huganda kabla ya barabara iliyolala juu ya ardhi.

Jambo lililonishangaza niliporudi ni kuwa mengi ya hayo yananifaa hapa hapa wakati wa mvua. Dakika kumi za kwanza za mvua baada ya kiangazi kirefu, njia ya Kibarani na Changamwe wanakopita malori ya bandarini huwa na utelezi wake, mafuta na vumbi vikikorogwa na manyunyu. Subiri mvua ikaze ioshe barabara, au nenda kama unayebeba mayai. Usukani ukiwa mwepesi ghafla juu ya maji, tairi zimeinuka zinaelea: ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani unyooke, usiguse breki mpaka uhisi zimekanyaga tena. Upepo wa tairi upimwe asubuhi kabla gari halijatembea, kwa sababu tairi iliyopungukiwa huelea mapema. Na jamani, ukifika Voi ukakuta tairi zimepanda upepo kwa joto, msiupunguze. Zikipoa zitabaki na njaa.

Nilinunua nne za kawaida, mpya, kabla ya juma lile kwisha. Ami alizifunga, akabalansi, kisha akaniuliza nazifanyia nini zile za zamani. Sikutaka kuziuza kwa mtu wa gari. Akampigia simu kijana mmoja mwenye mkokoteni, akaja akachagua mbili, akazikung'uta kwa kofi kama anayechagua nazi. "Laini, hazitanitikisa mzigo," akasema.

Juzi nimemwona soko la Kongowea, amejaza machungwa mpaka juu, anapiga mluzi watu wampishe njia, na ule mlima wenye theluji unazunguka kwenye tope la masika bila haraka.